Simu ya mazoezi ya mauzo: jinsi ya kuipima na kuirekebisha

Soma kwanza mazungumzo haya. Tuliyarekodi asubuhi moja ofisini kwetu Westlands, Nairobi. Sisi tunauza programu ya maduka: inahesabu bidhaa, inaandika madeni, inatoa risiti za eTIMS, yaani mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Anayepiga ni dada aliyekuwa na wiki mbili kazini. Anayepokea ni mwenzetu aliyejifanya mwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Githurai.

Muuzaji: Hallo, habari yako boss, naongea na mwenye duka?
Mteja: Ndiyo. Nani?
Muuzaji: Napiga kutoka kampuni ya programu za biashara. Tuko na programu nzuri sana ya kukusaidia kuongeza mauzo, kupanga stoku, kutoa risiti za eTIMS, na pia unaweza kuangalia duka ukiwa nyumbani kwa simu yako. Sijui kama ungependa?
Mteja: Sasa hivi niko na wateja. Nitumie kwa WhatsApp.
Muuzaji: Sawa boss, nitatuma. Asante sana.

Sekunde 41. Simu ilipokatwa, chumba kizima kilimpigia makofi. Mmoja akasema sauti yake ni nzuri. Mwingine akasema ni mchangamfu ila ajiamini zaidi. Mimi kiongozi wa timu nikaongeza kwamba ameanza vizuri. Kisha tukaenda kunywa chai, na dada yule akashika simu kuwapigia wateja wa kweli. Hadi jioni alikuwa amesema "sawa boss, nitatuma" mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, na hakuna hata mmoja aliyemrudia.

Kosa lilikuwa letu sisi tuliosikiliza. Hakuna aliyemwambia kwamba hakutaja jina lake. Hakuna aliyemwambia kwamba alitaja faida nne bila kuuliza swali hata moja, au kwamba "sijui kama ungependa" ni kumwekea mteja jibu la hapana mdomoni. Tulimpima kwa tulivyojisikia, na mtu hawezi kurekebisha hisia za watu wengine. Anaweza kurekebisha maneno aliyoyasema. Mwongozo huu ni wa kupima maneno.

Hatua ya 1: Andika kadi ya mteja

Mazoezi mengi hufa hapa kabla hayajaanza. Mwenzako anaambiwa "jifanye mteja", naye anaamua palepale atakuwa mteja wa aina gani. Kama anakupenda, atanunua dakika ya tatu. Kama ana kisirani, atakukatia simu upesi na kucheka. Katika hali zote mbili hujajifunza kitu, kwa sababu hakuna mteja wa Nairobi anayeamua hivyo.

Mteja wa mazoezi apewe kadi iliyoandikwa, ukubwa wa nusu karatasi. Iwe na mambo matano: yeye ni nani na biashara yake iko wapi, anafanya nini simu inapoita, ana shida gani asiyoisema, atatumia maneno gani kukukwepa, na ni kitu gani hasa kitamfanya afunguke. Hii hapa ndiyo kadi ya yule mzee wa Githurai, kama tulivyoiandika baadaye:

"Una miaka 54. Duka la simiti, mabati, rangi na misumari, mwaka wa tisa sasa. Kijana mmoja kaunta. Simu inapoita unapakia mabati kwenye mkokoteni. Mafundi wanachukua vitu kwa deni, na kijana anaandika kwenye kitabu cha shule kilicho chini ya kaunta. Wakati mwingine anasahau. Wiki iliyopita fundi alisema amelipa, kitabu kikasema hajalipa, mkagombana mbele ya wateja. Hili usiliseme mpaka uulizwe kuhusu madeni, halafu muuzaji akae kimya akusikilize. Ukichoka sema: nitumie kwa WhatsApp. Ukiulizwa umri wa biashara au 'changamoto zako ni gani', jibu kwa neno moja."

Sentensi ya mwisho inatoka kwa wenye maduka wenyewe. "Changamoto zako ni gani?" ni swali la semina. Muulize mtu anayepakia mabati na atakwambia "ni kawaida tu", kisha anaendelea kupakia.

Kadi nzuri haitungwi ofisini. Nenda ukakae dukani asubuhi moja, Kayole, Kawangware au Kamukunji, kwa ruhusa ya mwenyewe, usikilize tu. Mimi nilitoka na kadi mbili kwa saa tatu. Ya pili ilitokana na jambo ambalo nilikuwa nikiliona kila siku bila kulitilia maanani: simu inayopokea ujumbe wa Till ya M-Pesa (namba ya duka ya kupokelea malipo) ilikuwa mfukoni mwa mwenye duka, naye alikuwa mjini. Kila mteja alipolipa, kijana wa kaunta alimpigia kuuliza, "Imeingia?" Mteja anasubiri na soda mkononi. Wa nyuma yake anaondoka. Hakuna karatasi yetu ya mauzo iliyokuwa na jambo hilo, na kila muuzaji aliyepewa kadi hiyo alilazimika kuuliza ili alipate.

Hatua ya 2: Watu watatu, simu mbili, mlango katikati

Mpigaji, mteja na msikilizaji. Wakiwa wanne, wa nne anakuwa mtazamaji na mpigaji anaanza kumwigizia.

Mpigaji na mteja wasionane. Mteja atoke, ashuke ngazi mpaka karibu na barabara. Makondakta wakipiga kelele ni heri, kwa sababu ndivyo simu za kweli zilivyo, na muuzaji aliyezoea ukimya wa ofisi hushtuka mteja anaposema "Nini? Sisikii!" Mpigaji aweke simu kwenye spika, na simu ya pili irekodi pembeni. Programu ya kinasa sauti iliyomo ndani ya simu yoyote inatosha.

Kabla ya kurekodi ulizaneni kama kila mmoja amekubali. Sauti ya mtu ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inailinda. Kama mnataka kutumia rekodi za wateja wa kweli kujifunzia, wateja hao wawe wameambiwa kwamba wanarekodiwa na kwa sababu gani. Kuweka rekodi ya mteja kwenye kundi la WhatsApp la timu ili watu wacheke ni kosa, na tena ni kumdharau mtu aliyekupa muda wake.

Sisi tunafanya saa mbili na robo asubuhi, Jumanne na Alhamisi, dakika 25. Jumatatu watu wana mambo ya wiki, na Ijumaa akili iko kwenye safari. Ninyi chagueni siku zenu, mradi msizibadilishe kila wiki.

Hatua ya 3: Alama saba, sifuri hadi mbili

Karatasi ya alama iwe fupi kiasi kwamba msikilizaji anaweza kuijaza huku akisikiliza. Yetu ina mistari saba. Kila mmoja unapewa 0 kama jambo halikufanyika, 1 kama lilifanyika nusu, 2 kama lilifanyika kwa ukamilifu. Jumla ni 14.

Mlango. Amesema jina lake, anakotoka, na kwa nini anapiga, kisha ameomba dakika. Salamu ni lazima. Ukimpigia mtu mzima ukaingia moja kwa moja kwenye bidhaa, utasikika kama mtu asiyefunzwa adabu. Lakini salamu ni moja, na jibu lake usikilize. Kumuuliza mtu usiyemjua habari za nyumbani, watoto na kazi kunamtia wasiwasi, maana ndivyo wanavyoanza matapeli wa simu kabla ya kusema wamekutumia pesa kimakosa.

Namna ya kumwita na lugha. Je, amemwita mteja inavyomfaa, na amemfuata katika lugha yake? Mzee wa miaka 54 ni "mzee". Mama mwenye duka la nafaka ni "mama", wala si "mrembo", hata kama unataka kumchangamsha. "Boss" inakubalika kwa kijana wa dukani mtaa wa Luthuli, katikati ya jiji. Mteja akijibu kwa Kiswahili, muuzaji asiendelee kwa Kiingereza ili aonekane msomi. Akijibu kwa Kiingereza, afuatwe huko. Ninaupa mstari huu uzito kuliko wenzangu wengi, kwa sababu nimesikia simu nzuri zikifa kwa neno moja la kumwita mtu.

Swali kabla ya sifa. Ameuliza angalau maswali mawili kuhusu kazi ya mteja kabla ya kutaja faida yoyote ya bidhaa? Faida ikitangulia, ni sifuri, hata kama maswali yalikuja baadaye.

Kimya. Baada ya swali, alimwacha mteja ajibu mpaka mwisho? Baada ya jibu, alivumilia sekunde mbili tatu kabla ya kudakia? Jibu la kwanza la mteja huwa ni la kukutoa mlangoni. La pili ndilo lenye shida yake.

Kuunganisha. Alipoeleza bidhaa, alitumia neno la mteja mwenyewe? Mteja akisema "kitabu", muuzaji aseme kitabu. Akisema "usimamizi wa wadaiwa", amerudi kwenye karatasi yake.

Bei. Ameitaja kwa shilingi, kwa sauti ileile, kisha akanyamaza? Hapa ndipo wageni wengi wanajikata wenyewe. Wanasema, "Ni elfu mbili mia tano kwa mwezi, lakini tunaweza kuongea." Mteja hakuwa ameomba kupunguziwa. Wewe ndiye uliyemwambia bei yako si ya kweli.

Siku na saa. Simu imeishia kwenye jambo litakalofanyika siku fulani, saa fulani, na mteja amelisema kwa mdomo wake? "Tutaongea" ni sifuri. "Nitakupigia wiki ijayo" ni moja. "Alhamisi saa nane, ukishafunga hesabu ya asubuhi" ni mbili, kama mteja ameitikia.

Kuna kosa moja linalofuta alama zote bila kujali jumla: uongo na vitisho. Katika biashara yetu vitisho vinakuja kwa jina la KRA. Ni kweli kwamba tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi katika hesabu ya kodi, isipokuwa zile zilizosamehewa na sheria. Ndiyo maana mkandarasi anayenunua simiti anataka risiti hiyo, na duka lisiloweza kuitoa linampoteza. Hilo ni jambo la kumweleza mzee kwa upole, maana linamhusu. Kumwambia "watakuja kukufungia duka" ni kumwuzia hofu. Tunasimamisha zoezi papo hapo.

Hatua ya 4: Mpigaji ajipime kwanza, kisha sikilizeni rekodi

Simu ikikatwa, mtu yeyote asiseme neno. Mpigaji ajaze karatasi yake kwa kumbukumbu. Msikilizaji anayo yake tayari. Mteja naye ajaze, akijibu swali moja la ziada: ni wapi nilitaka kukata simu, na ni wapi nilitaka kuongea zaidi?

Ndipo mnachezesha rekodi. Mara ya kwanza sikilizeni moja kwa moja. Mara ya pili mpigaji ashike saa ya kuhesabia kwenye simu yake, aiwashe kila anapoongea yeye na aisimamishe kila anapoongea mteja. Mwisho alinganishe na urefu wa simu yote. Yule dada wetu alifanya hivyo siku nyingine, akaangalia kioo cha simu, akasema taratibu, "Lakini nilidhani yeye ndiye aliyeongea sana." Hatukuhitaji kumweleza chochote tena kuhusu kimya.

Sina kiwango cha kukupa kwamba muuzaji aongee sehemu fulani ya simu. Simu ya kwanza kwa mteja mgeni na simu ya kueleza bei ni vitu viwili tofauti. Kanuni ninayotumia ni moja: katika sehemu ya maswali, kama muuzaji ameongea zaidi ya mteja, basi hakuwa anauliza.

Sasa linganisheni karatasi tatu. Msitafute wastani. Tafuteni mstari ambao mmoja ametoa 0 na mwingine 2, mrudi kwenye rekodi mahali hapo hapo. Mara nyingi utakuta mpigaji alijipa 2 kwenye mlango kwa sababu alikusudia kutaja jina lake. Wakati mwingine msikilizaji ndiye aliyekosea, na ni muhimu akubali mbele ya mpigaji. Karatasi ya alama ambayo kiongozi hawezi kukosolewa kwayo inakuwa fimbo, na watu huanza kuogopa Jumanne.

Wiki za mwanzo fanyeni jambo la ziada: chukueni rekodi moja, timu nzima ipime kila mtu kivyake, kisha mlinganishe. Sisi tulitofautiana kwa alama sita kwenye simu ileile. Ilituchukua vikao vitatu kukubaliana "nusu" maana yake nini.

Hatua ya 5: Mrudishie mpigaji maneno yake

Maoni yawe na vipande vitatu: ulisema nini, mteja akajibu nini, ungeweza kusema nini badala yake. Hakuna kipande cha nne.

Usiseme: "Hukuwa na nguvu." Sema: "Sekunde ya 30 ulisema 'sijui kama ungependa'. Mteja akasema ana wateja. Jaribu kuishia kwenye swali kuhusu kitabu chake cha madeni." Mtu akiyasikia maneno yake mwenyewe na jibu lililofuata, anaona uhusiano bila kubishana. Ukimwambia hakuwa na nguvu, kesho atapiga kelele zaidi na maneno yatabaki yaleyale.

Sifa nazo zitolewe hivyohivyo. "Vizuri sana" haimsaidii mtu kurudia alichofanya. "Mzee aliposema 'kwa kitabu', hukudakia, na ndipo akaongeza habari za kijana" inamwonyesha pa kurudi.

Hatua ya 6: Chagua jambo moja, rudia palepale

Hii ndiyo hatua ninayowasihi msiiruke hata siku muda ukiwa mfinyu. Ni afadhali mfupishe ya nne. Karatasi inaweza kuonyesha makosa matano. Chagueni moja, lile lililotokea mapema zaidi kwenye simu, kwa kuwa kosa la mlangoni huzaa mengine yote. Kisha piga simu ileile, kwa kadi ileile, kabla watu hawajakaa. Mteja arudi barabarani. Anayesema "nimeelewa, nitafanya kesho" hajaelewa, maana mdomo haujapita njia mpya hata mara moja.

Tulipoamka tukaanza kufanya hivi, dada yule alipewa jambo moja tu: uliza kabla ya kusifu. Jaribio lake la tatu lilikuwa hivi:

Muuzaji: Shikamoo mzee. Naitwa… (akataja jina lake), napiga kutoka Westlands, tunatengeneza programu za maduka. Nasikia uko na kazi. Naomba dakika moja nikuulize swali moja. Kama si wakati mzuri, niambie nipige baadaye.
Mteja: Marahaba. Uliza haraka.
Muuzaji: Fundi akichukua simiti kwa deni, anaandikwa wapi?
Mteja: Kwa kitabu.

Hapo rekodi inatoa sauti ya matatu ikipita, kisha honi. Muuzaji hakusema kitu. Nilikuwa nimekaa pembeni yake na niliona anavyobana kalamu.

Mteja: Shida ni huyu kijana. Wakati mwingine anasahau kuandika.
Muuzaji: Anasahau?
Mteja: Eeh. Juzi fundi amekuja akasema alilipa. Kitabu hakina. Sasa nitamwambia nini?

Mteja wetu wa kuigiza alikuwa ameambiwa afunguke akiachiwa kimya, kwa hiyo unaweza kusema alikuwa anafuata kadi. Ni kweli. Lakini dada yule hakuijua kadi. Aliukuta mlango kwa kuunyamazia, na mwili wake ukakumbuka ilivyo. Wiki hiyohiyo alinyamaza kwenye simu ya kweli, kwa mama wa duka la nafaka Umoja, na mama akaongea dakika nne kuhusu magunia yasiyotimia.

Majaribio matatu kwa jambo moja yanatosha kwa siku. Zaidi ya hapo watu huanza kukariri.

Hatua ya 7: Zoezeni vikwazo vya hapa

Pingamizi za vitabuni, "ni ghali" na "nina nyingine", zizoezeni kwa haraka. Zinazoua simu Nairobi ni nyingine, na kila moja inahitaji kadi yake.

"Nitumie kwa WhatsApp." Mara nyingi ni hapana ya adabu, lakini si mara zote. Muuzaji akubali, kisha aulize swali dogo litakaloonyesha ni ipi: "Nitatuma sasa hivi. Nikutumie ya madeni au ya risiti?" Anayetaka kweli atachagua. Anayekukwepa atasema "zote tu", na hapo muage vizuri bila kumganda.

"Niko kwa matatu" au "niko kwa mkutano." Usiuze. Omba saa, kata. Alama za simu hii ni mbili tu: adabu na saa.

"Wacha niongee na mzee" au "na mama watoto." Watu wanaichukulia kama kisingizio, na mimi nadhani wanakosea. Maduka mengi ni ya nyumba nzima, na mwenye kuamua kuhusu pesa ya kila mwezi ni wawili. Zoezi liwe hili: muuzaji aulize huyo mwenzake atataka kujua nini kwanza, na kama wangependa kupigiwa wote wawili jioni.

"Namba yangu umetoa wapi?" Hili lizoezeni mpaka sauti isitetemeke, kwa sababu mteja ana haki ya kuuliza na haki ya kukataa kutangaziwa biashara. Jibu ni ukweli: "Nimeitoa kwenye bango la duka lako", au "Ulituachia kwenye maonyesho." Halafu: "Ukitaka niifute, nitaifuta leo." Na ifutwe leo. Kama muuzaji hana jibu la kweli, tatizo haliko kwenye simu yake. Liko kwa aliyempa orodha, na kiongozi wa timu alibebe mwenyewe. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo orodha za namba zilinunuliwa kutoka kwa mtu asiyejulikana. Kila siku tulifundishwa namna ya kulikwepa swali hilo. Nilikuwa mzuri katika kulikwepa, na najutia muda nilioutumia kuwa mzuri hivyo.

Mwezi wa Januari ongezeni kadi ya karo. Mwenye duka ana watoto wa kurudisha shule, na "pesa ni ngumu" ni ukweli mtupu. Muuzaji anayejua kuacha siku hiyo na kuomba tarehe ya Februari anapata 2 kwenye mstari wa mwisho, sawa na aliyeuza.

Hatua ya 8: Linganisha na simu za kweli

Weka daftari moja. Kila zoezi mstari mmoja: tarehe, kadi, jumla ya alama, jambo moja lililorekebishwa. Upande wa pili wa ukurasa, kwa kila wiki, andika idadi ya simu za kweli za mtu huyo na ngapi ziliishia kwenye siku na saa. Usihesabu mauzo pekee, kwani mauzo huchelewa na yana sababu nyingi. Siku na saa zinaonekana wiki hiyohiyo.

Baada ya wiki nne soma kurasa mbili pamoja. Kama alama za mazoezi zinapanda na siku na saa pia, endelea na jambo linalofuata. Kama alama za mazoezi zinapanda na simu za kweli zimesimama palepale, usimlaumu mpigaji bado. Chukua rekodi zake tatu za kweli, za wateja waliokubali kurekodiwa, uone wateja wanasema nini ambacho hakimo kwenye kadi zenu. Mara mbili yametukuta hayo, na mara zote mbili kadi ndizo zilizokuwa zimezeeka.

Anayefanya kazi peke yake, bila timu, anaweza kutumia karibu yote haya. Mwombe ndugu au jirani awe mteja, umwandikie kadi kadhaa lakini mtu mwingine ndiye achague ipi itumike, usiijue. Rekodi, hesabu muda, jaza alama, rudia. Ukikosa hata jirani, sikiliza rekodi zako za jana ukiwa unatembea kwenda kituoni, ila kwa mstari mmoja tu wa karatasi kwa siku.

Kadi ya mzee wa Githurai tuliichana mwezi wa Machi. Kila mtu ofisini alishajua kuna kitabu chini ya kaunta, na walikuwa wanauliza swali la fundi na simiti hata kwa wauza viatu. Asubuhi ya Alhamisi moja mwezi huo dada yule, ambaye sasa ndiye msikilizaji wa kundi lake, aliomba ruhusa ya kuchelewa. Alirudi saa tano kutoka Gikomba akiwa na nusu karatasi mkononi: mama wa mitumba, anafungua robota tatu kwa wiki, hajui ni ipi iliyomletea hasara, na hapendi kuulizwa chochote kabla ya saa nne.